Makala 640, kategoria 58: kupanga tovuti ya kilimo ili mkulima apate anachotafuta

Swali: Nina tovuti ya kilimo na ufugaji kwa Kiswahili, inaendeshwa na WordPress. Ina makala 640, kategoria 58 na lebo (tags) zaidi ya 1,100, maana waandishi wamepokezana na kila mmoja alipanga kwa akili yake. Wasomaji bado wananiuliza kwa WhatsApp mambo ambayo yameshaandikwa humo. Baadhi ya kategoria ni Kilimo, Mahindi, Maharage, Maharagwe, Magonjwa na Wadudu, Mazao ya Biashara, Fursa, Mbinu Bora, Morogoro, Video, Habari, Makala na Mengineyo. Nizipange vipi, na nifanyeje nisipoteze wasomaji wanaoingia kutoka Google? (Msomaji, Morogoro)

Jibu:

Soma tena hayo majina uliyoyataja, ukijiuliza kila moja linajibu swali gani. "Mahindi" linajibu zao gani. "Magonjwa na Wadudu" linajibu tatizo gani. "Morogoro" ni wapi, "Video" ni umbo la makala, na "Mbinu Bora" halijibu chochote. Ni sifa tu ambayo kila mwandishi angependa kazi yake ipewe. Sasa chukua makala moja yenye video, inayoonyesha namna ya kudhibiti viwavijeshi vamizi kwenye mahindi ya Kilosa, mkoani Morogoro. Inafaa kukaa kwenye kategoria tano, na waandishi wako wangeiweka kila mmoja kwake. Msomaji naye ana dhana yake ya sita. Kwa hiyo wingi wa kategoria si shida kubwa. Hata zingekuwa 20 bado zingewapoteza watu kama zimechanganya vigezo namna hiyo.

Kanuni ya kushika ni hii: ngazi moja, kigezo kimoja. Kwa tovuti ya kilimo ningeweka ngazi ya kwanza iwe kitu alichonacho mkulima, yaani zao au mnyama, na ngazi ya pili iwe kazi anayotaka kuifanya. Mdudu, mkoa, msimu na umbo la makala vishuke kuwa lebo, au viondoke kabisa.

Kwa nini zao litangulie na si tatizo? Kwa sababu zao ndilo jambo pekee ambalo mkulima halitilii shaka. Mtu ambaye majani ya mahindi yake yamegeuka manjano hajui kama huo ni ugonjwa, ni upungufu wa naitrojeni au ni maji yaliyotuama shambani. Ukimfungulia mlango kwa neno "Magonjwa" unamtaka atambue tatizo kabla hajasoma, na makala ya mbolea iliyokuwa na jibu lake haitamfikia kamwe.

Migawanyo miwili inayoonekana mizuri na si mizuri

Wa kwanza ni ule wa shuleni: mazao ya chakula na mazao ya biashara. Wewe tayari una kategoria ya "Mazao ya Biashara". Ifute. Mpunga wa Kilombero unaliwa nyumbani na unauzwa mjini, mahindi vilevile, na maharage pia. Mgawanyo huo unaeleza mavuno yanakokwenda, nayo huenda kote kuwili. Unafaa kwenye daftari la jiografia, lakini kwenye menyu unamlazimisha msomaji akisie uliupanga mpunga upande gani.

Wa pili ni wa kitaalamu: nafaka, mikunde, mbogamboga, matunda, mizizi. Huu hauna kosa la kimantiki, ila maafisa ugani ndio wanaouzungumza zaidi. Mkulima hatafuti "mikunde", anatafuta maharage au choroko. Halafu kuna ndizi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam ndizi ni tunda la kumalizia mlo. Kwa wa Bukoba au Moshi ni chakula chenyewe, na hatafikiri hata kidogo kubonyeza "Matunda". Ukiifanya "Matunda" kuwa kategoria halisi, itabidi umchague mmoja kati yao.

Njia ya kutoka ni kuyatumia makundi hayo kama vichwa vya kuonyeshea tu, bila kuyafanya kategoria. Kwenye sehemu ya menyu ya WordPress unaweka kiungo cha kawaida ambacho anwani yake ni alama ya # tu, unakiita "Matunda", na chini yake unaorodhesha kategoria za mazao. Kwa kuwa kichwa hicho si kategoria, hakuna kinachokuzuia kuiorodhesha Ndizi chini ya "Matunda" na tena chini ya "Vyakula vikuu". Viungo vyote viwili vinafika ukurasa uleule. Msomaji wa Bukoba na wa Dar wanakutana hapo, na wewe hujarudufu makala yoyote.

Orodha kwanza, mti baadaye

Usianze kuburuta kategoria ndani ya WordPress. Toa orodha ya makala zote uiweke kwenye Excel au Google Sheets. Faili linalotoka kwenye Tools, kisha Export, ni la XML na ni gumu kulisoma kwa safu. Tumia plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye WordPress) inayotoa CSV, yaani faili la jedwali, au WP-CLI kama mtoa huduma wako anakuruhusu kufikia seva kwa amri. Unahitaji safu hizi: namba ya makala (ID), kichwa, anwani, kategoria za sasa, tarehe, idadi ya walioisoma kwa miezi 12, uamuzi, na kategoria mpya. Safu ya uamuzi iwe na maneno manne tu: baki, sahihisha, unganisha, futa.

Miezi 12 nimeitaja kwa makusudi. Ukipima miezi mitatu utazionea makala za msimu. Makala ya kuandaa kitalu cha nyanya huweza kukaa kimya nusu mwaka, kisha ikasomwa sana kabla ya vuli.

Pita makala zote 640 mwenyewe au mkiwa wawili, si zaidi ya wawili. Kusoma kichwa na aya ya kwanza kunatosha kwa nyingi. Utakachogundua karibu kila mara ni makala tatu au nne zinazosema jambo moja, kwa sababu kila mwandishi mpya aliandika yake kuhusu "kilimo bora cha nyanya". Hizo usizipange; ziunganishe kuwa moja iliyo kamili, ukibakiza anwani ya ile inayosomwa zaidi. Kupanga makala ambazo zilipaswa kuunganishwa ndiko kunakofanya ukurasa wa kategoria uonekane umejaa huku msomaji akirudi mikono mitupu.

Sambamba na hilo, kusanya maneno ya wasomaji. Google Search Console inakuonyesha maneno waliyoandika kabla ya kufika kwako. Maswali ya WhatsApp unayolalamikia ni mali: nakili 100 ya karibuni, kila moja kwenye mstari wake, kama yalivyoandikwa. Humo ndimo utaona kwamba watu wanasema "kantangaze" ilhali makala yako inasema Tuta absoluta, jina la kitaalamu la mdudu huyohuyo wa nyanya, au wanauliza kuhusu mdondo huku wewe umeandika kideri, ugonjwa uleule wa kuku.

Mti ninaoupendekeza

Mazao 14: mahindi, mpunga, maharage, alizeti, nyanya, vitunguu, kabichi, tikiti maji, ndizi, parachichi, muhogo, viazi mviringo, korosho, kahawa. Mifugo minne: kuku, ng'ombe, mbuzi na kondoo, nguruwe. Mambo manne yasiyo na zao wala mnyama maalumu: udongo na mbolea, umwagiliaji, soko na mtaji, zana. Mwisho, makapu mawili ya vitu vidogo: "Mboga nyingine" kwa bamia, mchicha na biringanya, na "Matunda mengine" kwa papai na wenzake. Jumla 24. Orodha hii irekebishe kulingana na makala ulizonazo. Kama huna hata tano za korosho, korosho haistahili kategoria.

"Mboga nyingine" si "Mengineyo". Jina la kwanza bado linaeleza kilichomo. La pili linasema tu kwamba mwandishi alichoka kufikiri.

Yale mambo manne yanahitaji mpaka ulioandikwa, la sivyo yatameza kila kitu. Mpaka ni huu: kama makala inahusu zao moja, iende kwenye zao hilo, hata kama mada yake ni mbolea. "Kiasi cha DAP na UREA kwa ekari ya mahindi" ni ya Mahindi. "Namna ya kuchukua sampuli ya udongo" haina zao, kwa hiyo ni ya Udongo na mbolea.

Ngazi ya pili usiigawie kila zao. Ukizidisha mazao 14 kwa kazi tano unapata kategoria 70, yaani umerudi nyuma ya ulipoanzia. Gawa pale tu ambapo zao lina makala zaidi ya 30 hivi, na usifungue kategoria ndogo isiyo na angalau makala tano za kuanzia. Kwa tovuti nyingi za aina yako zitakazohitaji kugawanywa ni mahindi, nyanya na kuku. Mahindi na nyanya wape nne kila moja: kupanda, mbolea na palizi, magonjwa na wadudu, mavuno na soko. Kuku wape tano: banda, vifaranga, chakula, magonjwa na chanjo, soko. Jumla kuu inakuwa 37. Ngazi ya tatu usiifungue.

Kuhusu kuku, utashawishika kugawa kwa aina: wa kienyeji, wa mayai, wa nyama. Jaribu kwanza kwenye orodha yako uone makala ngapi zinahusu aina moja tu. Joto la vifaranga, usafi wa banda na chanjo ya mdondo vinawahusu wote, na ukigawa kwa aina utaweka tiki tatu kwa kila makala. Aina ya kuku iwe lebo. Anayesimamia tovuti ya kuku peke yake angeweza kuamua kinyume chake, na angekuwa sahihi.

Majina

Kiswahili kina tabia ya kulitanguliza neno la jumla na kuliweka la maalumu mwishoni: "Magonjwa ya nyanya", "Kilimo cha nyanya", "Kilimo cha vitunguu". Kwenye sentensi ni sawa. Kwenye menyu ya simu, jicho linashuka na mistari kumi inayoanza na "Kilimo cha", na kama nafasi ni finyu neno lenye maana ndilo linalokatwa. Toa "Kilimo cha" kote. Tovuti yote ni ya kilimo, hakuna atakayepotea. Kategoria ndogo ziandike zao likiwa mbele: "Nyanya: magonjwa na wadudu".

Usiandike "Magonjwa" peke yake chini ya Nyanya na tena "Magonjwa" chini ya Mahindi, ingawa WordPress inakubali. Themu nyingi, yaani miundo ya mwonekano wa tovuti, huonyesha jina la kategoria ndogo tu juu ya makala, kwa hiyo msomaji ataona "Magonjwa" bila kujua ni ya nini, na mwandishi naye atatia tiki isiyo yake.

Maharage na Maharagwe ni zao lilelile. La kwanza hutumika zaidi Tanzania, la pili Kenya. Chagua moja kwa kuangalia wasomaji wako wengi wako wapi, na lile jingine liandike kwenye maelezo ya kategoria na kwenye aya ya kwanza ya makala kuu. Usibakize kategoria mbili ili kumridhisha kila mtu.

Hapa pia ndipo sanduku la kutafuta linapowaangusha wasomaji wako bila wewe kujua. Utafutaji wa kawaida wa WordPress hulinganisha herufi kama zilivyo. Anayeandika "tunda" atapata "matunda", kwa kuwa herufi hizo zimo ndani yake. Lakini anayeandika "kiazi" hapati makala iliyoandika "viazi" pekee, "mche" haileti "miche", "kiwavi" haileti "viwavi", na "ugonjwa" haileti "magonjwa". Ngeli zinabadilisha mwanzo wa neno, na mashine haijui. "Maharage" nayo haileti "maharagwe". Tiba nyepesi ni kuhakikisha umoja na wingi vyote vimo ndani ya makala. Tiba kamili ni plagini ya utafutaji yenye orodha ya visawe, kama Relevanssi, ambamo unaandika kiazi na viazi, mche na miche, kideri na mdondo, kantangaze na Tuta absoluta. Jozi 40 au 50 zinatosha kuleta tofauti, na utazipata kwenye yale maswali 100 ya WhatsApp.

Wapimie wasomaji kabla ya kuhamisha

Mti wako bado ni makisio. Andika vichwa vya makala 40 hadi 50 kwenye kadi za karatasi, kichwa kimoja kwa kadi, uwape watu wapatao 15 mmojammoja wazipange kwenye mafungu na kuyapa majina. Dakika 30 hadi 45 kwa mtu. Wawe wakulima na wafugaji wanaotumia simu; wanafunzi wa chuo cha kilimo watakupangia kwa kitabu chao. Kabla hujaanza, hariri vichwa ili visirudie neno moja. Kadi nane zikiwa na maneno "kilimo bora", watu wataziweka pamoja kwa sababu ya neno, na utadhani umegundua kundi.

Kisha pima mti wenyewe. Andaa maswali nane ya hali halisi, bila kutumia maneno yaliyomo kwenye menyu. Kwa mfano: "Bamia shambani kwako zimetobolewa tobo ndogo, ndani kuna funza, utabonyeza wapi?" Mwonyeshe orodha ya majina tu, hata kwenye karatasi, uandike alipogusa kwanza. Swali ambalo zaidi ya thuluthi moja ya watu wamekosea, jina lake ndilo la kubadilisha kabla ya kitu kingine.

Mtu akikuambia menyu isizidi vitu saba kwa sababu ya saikolojia, usimsikilize sana. Namba hiyo imetokana na makala ya George Miller ya mwaka 1956 kuhusu uwezo wa kukumbuka vitu ulivyosikia au kuviona kwa muda mfupi. Msomaji wa menyu hakariri chochote. Orodha iko mbele yake. Majina 24 yaliyopangwa chini ya vichwa vyake kwenye ukurasa wa mwanzo, safu mbili kwa simu, yanasomeka bila taabu kuliko majina sita ya mafumbo yaliyofichwa nyuma ya vile vistari vitatu. Tatizo la simu ni kidole: viungo vikibanana, mtu anagusa Maharage anapata Alizeti. Upe kila mstari nafasi ya pikseli 44 hadi 48 kwenda juu.

Kuhamisha bila kuwapoteza wa Google

Fanya kazi hii Julai. Kwa mikoa yenye vuli na kwa nyanda za juu kusini zenye msimu mmoja, huo ni muda kabla ya watu kuanza kutafuta habari za maandalizi ya shamba, na utakuwa na wiki kadhaa za kurekebisha.

Anza na nakala rudufu ya hifadhidata na ya folda ya picha, uipakue kwenye kompyuta yako, isibaki kwenye seva ileile. Mtoa huduma wako akiwa na nafasi ya majaribio, rudia kila hatua huko kwanza.

Angalia muundo wa anwani zako kwenye Settings, kisha Permalinks. Kama anwani ya makala ina jina la tovuti na kichwa cha makala tu, shukuru: kubadilisha kategoria hakutagusa anwani za makala 640. Kama kategoria imo ndani ya anwani, kila makala utakayoihamisha itapata anwani mpya. WordPress mara nyingi humfikisha msomaji kwenye anwani mpya kwa kutambua kichwa, lakini usiitegemee. Pima makala 20 kwa mkono. Zaidi ya hapo, makala yenye kategoria mbili itachukua moja kwenye anwani yake, ile yenye namba ndogo ya utambulisho, ambayo huenda siyo uliyoitaka.

Anwani za kurasa za kategoria zenyewe ndizo zinazovunjika kweli. WordPress hukumbuka jina la zamani la makala uliyoibadilisha, ila la kategoria haikumbuki. Hila itakayokuokoa kazi nyingi ni hii: kategoria ina jina linaloonekana na ina kipande cha anwani kinachoitwa Slug. Unaweza kubadilisha "Kilimo cha Nyanya" kuwa "Nyanya" bila kugusa Slug, na hakuna kiungo kitakachokatika. Kwa hiyo pale ambapo kategoria ya zamani inalingana na mpya, badilisha jina tu. Fungua mpya pale tu isipokuwapo ya kurithi.

Mpangilio wa kazi: fungua kategoria mpya, hamisha makala, hesabu, ndipo ufute za zamani. Kwenye orodha ya makala, chuja kwa kategoria ya zamani, chagua zote, tumia Bulk Edit. Idadi inayoonekana kwa ukurasa unaiongeza kwenye Screen Options, lakini usizidishe 50 kwa mkupuo. Seva za bei nafuu hukataa ombi refu, na unabaki hujui zipi zimehama na zipi hazijahama. Kwenye matoleo ya zamani ya WordPress, Bulk Edit huongeza kategoria bila kuiondoa ya kwanza. Hilo halina madhara, kwa kuwa utakapoifuta ya zamani makala zitabaki kwenye mpya. Kufuta kategoria hakufuti makala. Ila makala isiyo na kategoria nyingine yoyote inaangukia kwenye ile ya msingi, ambayo kwako nadhani bado inaitwa Uncategorized.

Makala iliyo chini ya "Nyanya: magonjwa na wadudu" usiitie tiki tena kwenye "Nyanya". Ukurasa wa kategoria mama huonyesha za watoto wake wote.

Kwa kila kategoria uliyoifuta weka maelekezo ya kudumu, yaani 301, kwenda kategoria iliyo karibu zaidi kwa maana. Plagini ya Redirection inatosha. Maharagwe iende Maharage moja kwa moja, si kupitia anwani nyingine ya katikati. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo: Google huichukulia hiyo kama ukurasa usiokuwapo, na msomaji aliyefuata maharage akajikuta kwenye ukurasa wa mwanzo hawezi kujua kimetokea nini. "Video", "Makala" na "Mbinu Bora" hazina mrithi. Kama Search Console inaonyesha hazileti watu, ziache zife.

Lebo 1,100 zinahitaji mkono mgumu. Kila lebo inazaa ukurasa wake, kwa hiyo una kurasa 1,100 ambazo nyingi zina makala moja na hazimwongezei msomaji kitu. Futa zote zenye makala chini ya tatu, isipokuwa zile zinazoleta wasomaji. Hizo zielekeze kwa 301. Zilizobaki ziunganishe hadi zifike 80 au 100, za aina nne tu: mdudu au ugonjwa, aina ya mbegu au mnyama, mkoa, msimu. Makala moja isizidi lebo tano.

Wiki moja baada ya kuhama, kisha wiki ya nne, fungua ripoti ya kurasa zisizopatikana kwenye Search Console. Anwani zitakazojirudia humo ndizo ulizozisahau. Tazama pia viungo vilivyo ndani ya makala zako. Waandishi hupenda kuandika "soma zaidi hapa" wakielekeza kwenye kategoria ambayo sasa haipo.

Ukurasa wa kategoria ukoje

WordPress hupanga makala kwa tarehe, mpya juu, kumi kwa ukurasa. Kwa habari za kila siku ni sawa. Kwa kilimo ni vibaya: anayefungua Nyanya anakutana na bei ya wiki iliyopita, huku mwongozo wa kitalu uko ukurasa wa sita ambako karibu hakuna anayefika. Kubandika makala juu kwa chaguo la Sticky hakusaidii, maana hufanya kazi kwenye orodha ya makala za ukurasa wa mwanzo tu. Kama themu yako haina nafasi ya kuchagua makala za juu za kategoria, tumia sehemu ya maelezo ya kategoria: aya fupi ya maneno 60 hadi 100, kisha viungo vitano au sita kwa mfuatano wa shamba, kuanzia kitalu, kupandikiza, mbolea, wadudu, hadi mavuno. Hakikisha tu themu yako inayaonyesha maelezo hayo, baadhi huyaficha.

Ongeza makala kwa ukurasa zifike 20 na upunguze ukubwa wa picha. Orodha inayojivuta yenyewe bila mwisho siipendekezi kwa wasomaji wanaonunua bando: inakula data, na mtu akifungua makala kisha akirudi mara nyingi anaanzia juu tena.

Kuna ukurasa mmoja ambao si kategoria nao utapunguza maswali ya WhatsApp kuliko mabadiliko mengine yote: faharasa ya dalili. Ni ukurasa wa kawaida, unaoandikwa kwa mkono, wenye majina ya mazao na chini ya kila zao dalili kwa maneno ya mkulima: majani yamebabuka, mmea unanyauka mchana, tunda limeoza kitakoni, kuku wanakohoa, kinyesi cha kijani. Kila dalili ina kiungo cha makala moja au mbili. Mdudu anayeshambulia mazao kadhaa, kama viwavijeshi vamizi walioingia Tanzania na Kenya mwaka 2017, makala yake kuu ikae kwenye Mahindi, na faharasa iiite pia chini ya mtama na mpunga. Kiungo cha ukurasa huu kiwe cha kwanza kwenye menyu.

Ulinzi

Kategoria huchafuka tena kama kila mtu anaweza kuzifungua. Kwenye WordPress mwenye ngazi ya Author au Contributor anachagua tu zilizopo; Editor na Administrator ndio wanaofungua mpya. Washushe waandishi wote kuwa Author. Lebo hazina kizuizi hicho: Author anaweza kubuni lebo mpya wakati wowote, na ndiyo maana zilifika 1,100 wakati kategoria ziliishia 58. Kwa hilo huna budi kuwa na orodha iliyoandikwa, na mhariri anayezipitia kabla ya kuchapisha.

Ile Uncategorized iite "Zinasubiri kupangwa", iache iwe kategoria ya msingi kwenye Settings, kisha Writing, na isionekane kwenye menyu. Makala ambayo mwandishi amesahau kuipanga itaonekana hapo, na mhariri anaisafisha kila Ijumaa. Ikifika makala kumi zinazofanana ambazo kweli hazina pa kwenda, hapo ndipo unapofungua kategoria ya 38.